Mbuzi Anachechemea

Tarehe 3 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mgongo je? Ile cherehani yenye kelele umeipeleka kwa fundi, au bado unaipaka mafuta na kuinunia? Mimi mzima. Baridi ya huku imelegea kidogo, nimeacha kulala na soksi. Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyoniagiza, maana wewe husema simu ni ya kuulizana bei ya vitunguu, jambo la maana liandikwe.

Basi nina jambo. Kazi yetu hapa karakana unaijua vizuri kuliko jirani zako wote: wanasesere wa waya na sponji. Unamsogeza mmoja mkono kidogo, unatoka mbele ya kamera, unapiga picha, unarudi, unamsogeza tena. Kutwa nzima umesimama, na jioni ukijumlisha umepata mwanasesere aliyepiga chafya. Mwalimu wetu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mnadani, alitutaka kila mtu alete filamu ya namna hii iliyomchekesha utotoni, tuitazame upya kwa macho ya kazi. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi hata sikufikiri mara mbili, nilisema naleta ya kinyozi na mbuzi. Nikawaandikia watunza filamu wa huko nyumbani, wakanitumia nakala.

Sijui kama unaikumbuka. Kinyozi mwenye masharubu anafungua duka, anadondosha kitana mlangoni. Mbuzi anaingia, anakikanyaga, jino la kitana linamchoma kwato. Kinyozi kwa kuogopa kesi anambembeleza, anamketisha kitini, anamfunga shuka shingoni na kumwahidi kumnyoa bure. Akigeuka kuchukua sabuni, taulo limeliwa. Akigeuka kuchukua taulo lingine, sabuni haipo. Mwisho duka zima limo tumboni mwa mbuzi, umebaki mkasi tu, na mkasi anaushika mbuzi. Anamkalisha kinyozi kitini, anamnyoa mpaka masharubu, kisha anatoka zake kichwa juu, akichechemea.

Ilikuwa ikionyeshwa kabla ya taarifa ya habari, tumejazana sebuleni kwa Mama Pacha, mimi na wale pacha wake tumelaliana mkekani tunacheka mpaka tunakohoa. Wewe ulikuwa unakuja kwa ajili ya taarifa. Lakini ikianza tu ile filamu, ghafla unakumbuka umeacha pasi inawaka. Kila mara, Mama. Nilidhani nyumba yetu ina pasi yenye kichaa.

Nimeitazama tena, na safari hii nilisahau kucheka. Mwalimu naye aliirudisha nyuma, akaitazama upya, akauliza, "Nani alimsogeza huyu mbuzi?" Majina ya mwishoni yanamtaja Mzee Miwani, mkuu wa karakana yenu ya zamani ulikokuwa ukishona, halafu yanasema "na wenzake". Mwezi wa sita kutakuwa na onyesho la filamu za zamani ukumbini, na kabla ya kila moja litatokea bango lenye majina ya waliofanya kazi. Mwalimu hataki kuandika "na wenzake".

Sasa naomba usikunje uso. Yule mbuzi anatembea kama wewe. Si wewe wa barabarani, kule unakwenda polepole na wima kama umebeba ndoo kichwani. Wewe wa nyumbani, ukitoka kwenye cherehani kwenda jikoni na kudhani hakuna anayetazama. Bega la kulia linatangulia, kiuno kinafuata, mguu wa kushoto unaburuzwa kidogo halafu unatupwa mbele kama mtu aliyechoka kubishana nao. Na kabla ya kupita mlangoni unagusa mwimo kwa vidole viwili. Mbuzi anagusa mwimo, Mama. Kwa kwato.

Ni wewe?

Mwanao,
Sindano


Tarehe 24 Februari

Sindano,

Marahaba. Mgongo upo mahali pake, cherehani ipo mahali pake. Mvua imenyesha, bati la jikoni linavuja palepale.

Katika karakana ile mimi nilikuwa mshonaji. Kinyozi nilimshonea suruali, na lile shuka la kunyolea nililipinda mimi. Nani alisogeza nini, waulize wenye kamera, kama yupo aliyebaki.

Na nilidhani nimekulea ukijua kwamba nyumbani kwangu kuna jambo halitajwi. Ulipanda ndege ukafikiri umeliacha huku?

Rudisha soksi. Baridi haiagi.

Mama yako


Tarehe 20 Machi

Mama,

Shikamoo tena, hata kama umeninunia. Natumaini mgongo haukuninunia na wenyewe. Soksi nimezirudisha.

Najua mguu hautajwi. Nimekua nikijua. Wageni wakiuliza, unauliza wewe kama chai imewatosha. Nilipokuwa nakwenda shule ulikuwa unanisindikiza ukiwa nyuma yangu, kamwe si mbele, nami nikadhani ndivyo mama wote wanavyofanya, wanalinda nyuma. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hukutaka nikuone ukitembea.

Lakini nisikilize, nisije nikawa nampigia mbuzi gitaa. Tangu nianze hapa, wanasesere wangu wanatembea kama meza. Mwalimu anasema hawana uzito, hawatoki popote na hawaendi popote. Niliwahi kufunga sanduku nirudi nyumbani, sikukuambia. Siku ile tulipomaliza kumtazama mbuzi, nilibaki chumbani nikafanya kitu ambacho ningekifanya mbele yako ningelala njaa: nilitembea kama wewe. Kutoka dirishani hadi mlangoni, na mwimo nikaugusa. Nikarudia mpaka nikausikia mwendo wako kiunoni, mahali unapoanzia, jinsi mwili unavyosubiri kidogo kabla ya kuamua. Kesho yake nilimchukua mwanasesere wangu, bibi mmoja wa sponji anayekwenda kufungua dirisha, nikampa ule mwendo. Akatembea, Mama. Mwalimu alivuta kiti nyuma yangu akakaa, na yeye kukaa ni habari.

Sikuandika kukucheka. Watu wa hapa hawamcheki mbuzi kwa sababu anachechemea. Wanacheka kwa sababu anachechemea na bado anaingia duka la watu kama mwenye nyumba aliyetoka safari.

Mwalimu anapeleka majina kwa wachapaji katikati ya mwezi wa sita. Baada ya hapo bango halibadilishwi. Usiponijibu wataandika "hajulikani", nami nitakaa ukumbini nikilisoma hilo neno huku najua.

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Mwanangu Sindano,

Marahaba. U mzima? Sisi hapa tunaendelea. Bati nimempata mtu wa kulitia lami. Mama Pacha anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Nikamwambia hilo si geni, ndiyo maana unaitwa hivyo.

Barua yako nimeikalia kama kuku aliyekalia yai asilolijua. Nimeshona sare za kwaya nzima na bado inanitazama pale mezani. Haya, umeshinda. Nakuambia mara moja, na ukishasoma usiniulize kwa simu.

Nilikuwa msichana, wewe hata kwenye ndoto hukuwamo. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeusi ili jua lisiharibu picha. Upande mmoja meza ya duka la kinyozi, upande wa pili mimi na cherehani yangu. Msogezaji alikuwa kijana mmoja mzuri wa mikono, akaugua homa ya manjano, wakamlaza. Kazi imeanza, taa zinawaka, hakuna wa kumsogeza mbuzi. Mzee Miwani akaniambia, "Wewe ndiye uliyemvika ngozi, unajua viungo vyake vilipo. Jaribu." Nikajaribu. Kastabini hata sikuivua kidoleni.

Sitakudanganya, nilipenda kupita kiasi. Ukiwa pale mezani hakuna anayekuangalia wewe, wanamwangalia mbuzi. Nilimwingiza dukani, nikamlisha taulo, nikamlisha sabuni, nikampa mkasi, nikamtoa nje. Wiki kwa wiki. Nilikuwa nikifika wa kwanza na kufunga mlango wa mwisho. Nyumbani nilikuwa nikilala nimekunja vidole, bado vinasogeza.

Picha zikarudi kutoka kusafishwa, tukakaa wote kutazama ukutani. Mbuzi akaingia. Watu wakaanza kucheka. Mzee Miwani akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Mbuzi anachechemea." Basi chumba kizima kikaangua kicheko, na wote wakageuka kunitazama. Miguu yangu, Sindano. Waliitazama miguu yangu.

Mimi sikuwa nimemchechemesha kwa makusudi. Nilidhani anatembea sawasawa. Nilidhani ndivyo mbuzi anavyotembea. Nikachukua mkasi wangu na kitambaa changu, nikatoka, na nilitoka kwa kuchechemea kwa sababu ukikimbia huwezi kuuficha.

Akaja nyumbani mara mbili, Mzee Miwani. Nilikaa nyuma ya pazia, nikamwambia bibi yako aseme sipo. Nilijua anataka nini: anataka vipimo vya ngozi, wapate kumshonea mbuzi mpya na kuanza upya na mtu mwenye miguu miwili mizima. Na walianza upya. Filamu ilipotoka kila mtu aliisifia, nami nikajua ndani yake hakuna hata picha moja yangu. Hiyo ndiyo pasi niliyokuwa naiwahi. Ungeweza wewe kukaa kutazama kazi yako ikifanywa na mtu mwingine?

Halafu, kana kwamba haitoshi, habari zikasambaa. Mwaka huohuo watoto wa mtaani wakaanza kunifuata wakichechemea. Nikipita dukani, nyuma yangu wamejipanga, mabega juu chini. Vizazi kwa vizazi vya watoto wasio na haya. Ndipo nikajifunza kutembea kwa kujibana, na kumpisha kila mtu atangulie.

Kwa hiyo mbuzi wako si wangu. Mwendo huo ni bahati tu, au msogezaji mwenzangu aliniiga kwa kejeli. Asiyekuwepo na lake halipo. Andika majina ya wanaume wale, ukumbi ucheke, mambo yaishe.

Kula vizuri.

Mama yako


Tarehe 14 Mei

Mama,

Shikamoo Mama, shikamoo tena na tena. U mzima? Nauliza upesi kwa sababu mkono unakimbia mbele ya akili.

Mama, walikuwa wanamwiga mbuzi.

Wale watoto. Wale wasio na haya. Mimi nilikuwa mmoja wao! Filamu ikiisha tulikuwa tunatoka kwa Mama Pacha tumejipanga, pacha mbele, mimi nyuma, mabega juu chini, tunakwenda mpaka dukani na kurudi, na kila mlango tunaoupita tunagusa mwimo. Mtaa wetu, mtaa wa pili, uwanja wa shule, kila mahali. Ulikuwa mchezo. Mshindi ni yule aliyeweza kuchechemea na kichwa juu bila kucheka. Hakuna mtoto aliyekuwa anakutazama wewe, sote tulitaka kuwa yule mbuzi aliyekula duka.

Unakumbuka kile kibao? Nilikuwa na meno ya mbele yameng'oka. Niliingia jikoni nikichechemea, nikagusa mwimo, nikakugeukia nikisubiri ucheke. Ulinipiga shavuni, halafu ukakaa chini ukalia wewe. Ni kibao pekee ulichowahi kunipiga maishani, na mpaka juzi sikujua kosa langu. Nilikuwa nakuonyesha mbuzi, Mama. Nilikuwa nakuonyesha mbuzi wako.

Sasa sitaki kubishana nawe kwa barua, maana wewe kubishana huwezwi. Ndani ya bahasha hii kuna flashi, nimeifunga kwa kipande cha sponji. Mpe Mama Pacha aichomeke kwenye televisheni yake. Kaa kwenye kiti, siyo mlangoni. Pasi izime kabla hujatoka nyumbani. Utazame mwenyewe kama kazi yako waliitupa.

Kisha uniandikie chochote utakachoona. Ukisema si wewe, nitaamini na sitakuuliza tena mpaka kufa.

Mwanao Sindano


Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi sijui niseme sijambo au sijambo sana. Kaa, nikusimulie.

Mama Pacha alitandika kitambaa kipya kwenye kochi kama anapokea posa. Nilimwambia nimekuja kuangalia mishono. Akachomeka kile kidude chako, wajukuu wake wakakaa chini.

Akaingia mbuzi, akakanyaga kitana. Nikamwambia Mama Pacha, unaona, si mimi. Mbuzi yule alikuwa amekakamaa kama aliyemeza ufagio. Ilikuwa kama nilivyosema. Niliinua mkoba wangu nirudi zangu.

Halafu akachomwa, akainua kwato, akaanza kutembea kuelekea kwenye kiti, na mwanangu, mkoba ulinitoka mkononi. Nilikuwa mimi. Kila hatua. Pale anapogusa mwimo nilikumbuka nilivyougundisha kwa nta ili usitikisike. Pale anapolamba sabuni nilikumbuka kwamba siku hiyo nilikuwa na njaa. Sikujua kwamba mtu anaweza kukutana na mikono yake ya ujana imehifadhiwa mahali, bado inafanya kazi.

Nikasema turudishe mwanzo. Na hapo ndipo nikasogelea televisheni mpaka Mama Pacha akaniambia nitapofuka. Sikiliza vizuri, hili umwambie Mwalimu wako. Kwenye lile onyesho la kitana, la mwanzo kabisa, mbuzi ana mshono shingoni wa uzi mweusi, umeshonwa kwa haraka na mtu asiyejua. Mimi mbuzi wangu nilimshona kwa uzi wa kahawia, na mshono niliuficha chini ya ndevu. Kuanzia anapokwenda kitini mpaka mwisho wa filamu, mshono ni wa kahawia na hauonekani. Maana yake nini? Maana yake lile la kitana, linaloonekana la kwanza, lilipigwa la mwisho. Mbuzi alikuwa ameshazeeka, ngozi imefumuka, na mimi nimeshaondoka.

Katika kazi niliyoifanya mimi hakukuwa na kitana. Mbuzi alikuwa anaingia tu. Anaketi, anakula. Hata sisi wenyewe tulikuwa tunaulizana kwa nini kinyozi anamnyenyekea hivyo. Sasa najua. Mzee Miwani hakuitupa kazi yangu. Alikwenda akatengeneza mwanzo mzima, akamtafutia mbuzi sababu ya kuchechemea, ili nisitolewe hata picha moja. Filamu nzima imesimama juu ya ule mguu. Uondoe mguu, kinyozi hana deni, mbuzi hana haki, duka haliliwi.

Na alikuja mlangoni mara mbili. Nadhani alikuja kunialika nimsogeze kwenye hicho kitana. Ningejua. Lakini sitajifanya mwema leo: chumba kilicheka na kikanitazama miguu, niliudhika, na ningeudhika tena. Mungu amrehemu yule mzee. Angesema sentensi mbili badala ya moja.

Kinyozi hajinyoi, Sindano. Ningeuonaje mwendo wangu mimi? Miaka yote nilidhani ni kitu kibovu kinachonifuata nyuma. Juzi nimeuona kwa mbele, kwa mara ya kwanza, na nakuambia wewe mtoto niliyekuzaa, bila aibu na bila kunong'ona: mwendo ule unapendeza. Yule mbuzi anatembea kuliko kinyozi. Anatembea kuliko wote walio kwenye lile duka. Nilicheka mpaka Mama Pacha akaniletea maji.

Sasa maagizo. Majina yangu nimeyaandika kwenye kipande cha pembeni, kwa herufi kubwa, yote matatu. Wasiyafupishe. Waandike: alimsogeza na kumshona. Jina la Mzee Miwani liwe juu ya langu, kazi ilikuwa yake. Na lile onyesho la kitana wasinipe mimi, mimi sichukui cha mtu hata kikiwa kibaya. Hapo ndipo waandike hajulikani.

Kile kibao unidai. Ukija nitakulipa kwa namna nitakayoona.

Mama yako, msogezaji


Tarehe 22 Juni

Mama msogezaji,

Shikamoo. U mzima, na jina lako je, halijambo? Mimi nililiona jana likiwa na urefu wa ukuta.

Mwalimu aliposomewa barua yako (nilimtafsiria, akanishika mkono katikati ya habari ya uzi mweusi) alitaka kuona kwa macho yake. Tuliikuza picha. Uzi mweusi upo, Mama, unapita kama barabara. Akasema tangu sasa kila mwanafunzi anayeanza hapa atafundishwa filamu hiyo kwa mpangilio wa kutengenezwa kwake, kitana mwisho.

Ukumbi ulijaa. Niliketi safu ya nyuma. Taa zikazimwa, bango likatokea. Mzee Miwani juu. Chini yake wewe, majina matatu, hawakufupisha, na "alimsogeza na kumshona". Chini kabisa: "onyesho la kitana, hajulikani". Jirani yangu alinong'ona jina lako akilijaribu mdomoni, akakosea, nikamrekebisha. Nilimrekebisha mara mbili mpaka akaliweza.

Walicheka palepale tulipokuwa tunacheka sisi kwa Mama Pacha. Mbuzi alipotoka mlangoni kichwa juu, walipiga makofi kana kwamba yuko pale anawasikia. Kisha Mwalimu akapanda jukwaani, akasema aliyemsogeza mbuzi yuko mbali lakini ametuma mtu, akaniita nikapokee makofi kwa niaba yako.

Kutoka safu ya nyuma hadi jukwaani ni mbali. Nilisimama, nikafikiri kidogo, halafu nikatembea kama wewe. Bega la kulia, kiuno, mguu ukaburuzwa ukatupwa. Kwanza wakageuza vichwa. Kisha wakaelewa, na ukumbi mzima ukasimama. Nilipofika ngazi za jukwaa kulikuwa na nguzo, nikaigusa kwa vidole viwili.

Sijawahi kujiona mrefu vile. Nilitamani uwepo, lakini pia nilijua upo.

Mwanao


Tarehe 8 Julai

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Natumaini barua hii umeipokea ukiwa umeshiba. Mimi naiandika nimekaa kwenye ngazi ya nje, mguu nimeunyoosha juani, watu wanapita wanauona. Nimewaacha wauone.

Barua yako nilimsomea Mama Pacha, akaisambaza mtaa mzima, si unamjua. Leo asubuhi nilikuwa nimeishiwa uzi. Nikavaa viatu, nikafungua mlango, nikawakuta wajukuu wake wamekaa kwenye ngazi wananisubiri. Mdogo wao akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye mbuzi. Nikasema ni kweli. Akaniomba nimwonyeshe.

Nilisema naenda dukani, anayetaka kuona anifuate. Nikagusa mwimo, nikatoka. Sikujibana, mwanangu. Niliuacha mwili uende unavyokwenda. Nikasikia nyuma yangu viatu vidogo vinaburuzwa na kutupwa, vinaburuzwa na kutupwa, na kila nilipopita nyumba waliongezeka. Muuza duka alitoka nje kutazama.

Sikugeuka kuwaangalia. Nilikuwa mbele.

Mama yako